Ushauri kwa Waliopewa Maneno Nusu

Lugha isiyo bayana humwachia msikilizaji kazi ya kukisia nani, kiasi gani, wapi au lini. Mwanhuzi, makao makuu ya Wilaya ya Meatu mkoani Simiyu, hasara yake huonekana stendi, shambani, katika duka la dawa na zaidi ya kote kwenye simu. Malalamiko yafuatayo yameletwa na wasomaji kwa majina ya kubuni. Kila moja limejibiwa kwa kadiri ya uzito wake, hata pale mlalamikaji mwenyewe alipokuwa chanzo.

Aliyeachwa na Basi alikata tiketi ya kielektroniki ya kwenda Mwanza, iliyoandikwa 09:00. Akafika stendi saa nane na nusu mchana, mapema kwa nusu saa, amevaa vizuri na amebeba kuku wawili wa shangazi yake. Basi lilikuwa limeondoka tangu asubuhi. Hakuna aliyemdanganya. Saa za Kiswahili huhesabiwa tangu jua linapochomoza, jambo lenye mantiki karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribiana kwa urefu mwaka mzima. Mashine ya tiketi huanza kuhesabu usiku wa manane, na kati ya hesabu hizo mbili kuna pengo la robo ya siku. Abiria amtake mkata tiketi aitaje safari kwa mdomo pamoja na kipindi cha siku: saa tatu asubuhi. Neno “asubuhi” halitozwi nauli. Tahadhari hiyohiyo inahusu mialiko ya harusi. Kwa wazee wa pwani, ambao siku yao huanza jua linapotua, “usiku wa Jumamosi” ni ule ambao watu wa bara huuita wa Ijumaa. Anayeandika “usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi” hatabishana na mgeni yeyote.

Shauri la Mama wa Mgonjwa ni zito zaidi. Alinunua dawa mseto ya malaria kwa ajili ya kijana wake mkubwa, akaambiwa dozi ya pili inywewe “baada ya saa nane”. Alimpa ya kwanza saa mbili asubuhi, na saa nane mchana ilipogonga akampa ya pili. Alitii alichosikia. Dozi kamili ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kila mara, mara sita, kwa siku 3. Ya pili hutakiwa kufuata ya kwanza ukishapita muda wa saa nane nzima, sawa na kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nane mchana. Kisha mgonjwa humeza asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Kwa kijana huyu, ambaye alianza saa mbili asubuhi, zamu ya pili ilikuwa saa kumi jioni.

Walimu wa Kiswahili hulifuta neno “masaa” kwa wino mwekundu, wakisema wingi wa saa ni saa. Kisarufi wana hoja. Lakini mtaani “masaa nane” ni urefu wa muda na “saa nane” ni wakati katika siku, na ni tofauti hiyo hasa iliyokosekana kaunta. Muuzaji anayeogopa wino mwekundu ana njia nyingine: amuulize mteja dozi ya kwanza itamezwa saa ngapi, ahesabu mwenyewe, kisha aandike juu ya pakiti “saa kumi jioni”. “Kutwa mara tatu” ina udhaifu wa aina hiyo. Wapo wanaomaliza vidonge vyote vitatu kabla jua halijazama, kwa kuwa kwao kutwa ni mchana, na usiku una neno lake.

Barua nyingi kuliko zote zinahusu ujumbe mmoja wa simu: “Ile hela tuma kwenye namba hii.” Ujumbe huo umejulikana Tanzania nzima hadi umegeuka utani, na bado unanasa watu. Aliyetuma Laki Mbili anaeleza kwamba aliliona jina likitokea kabla hajathibitisha, na halikuwa la dalali wa mahindi anayemdai. Akadhani ni la mke wa dalali.

Tapeli hajui lolote kuhusu mtu anayemwandikia. Hajui jina lake, deni lake wala kiasi. Kazi yote hufanywa na “ile”, neno linalodai kwamba pande mbili zinajua kinachozungumzwa. Mpokeaji, kwa adabu au kwa aibu ya kusahau, hujaza pengo mwenyewe. Mwenye fremu ya duka hudhani ni kodi, mwenye mtoto bweni hudhani ni ada, na msimu wa kununua pamba unapofika, fedha zikaingia mikononi, karibu kila kaya Meatu huwa na “ile hela” yake. Utapeli huu ungekufa kama ungelazimika kutaja kiasi na sababu. Unaendelea kuishi kwa sababu watu waaminifu nao huandika hivyohivyo, kiasi kwamba ujumbe wa mwizi na wa binamu hautofautiani hata kwa herufi.

Mwenye haki ya kulipwa aandike kwa ukamilifu: elfu 50, ya palizi ya wiki iliyopita, na jina lake. Mwenye kulipa apige namba aliyoizoea, siyo ile iliyomwandikia. Ujumbe wa kitapeli hupelekwa namba 15040, iliyowekwa kwa kazi hiyo na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Hata hivyo, lugha ya pesa za simu haina makosa matupu. “Tuma na ya kutolea” ni msemo uliozaliwa na watumiaji wenyewe, na unaziba ugomvi wa kwa wakala, pale mpokeaji anapokuta makato yamemega kilichokuwa chake.

Kibarua wa Palizi analalamika kwamba ekari za tajiri wake haziishi. Ekari moja ni mita za mraba 4,047, sawa na mraba wenye upande wa mita 63 na nusu hivi. Wakulima wengi huipima kwa hatua 70 kwa 70, na kipimo hicho hukaribia ukweli ikiwa hatua ni ya sentimita 90. Tajiri huyu ni mrefu na siku ya kupima alitembea kwa furaha. Hatua zake zikifika mita moja, shamba linakuwa la mita za mraba 4,900, na kibarua amepalilia takriban sehemu ya tano ya ziada bila malipo. Akimpata tajiri mfupi atapumzika, lakini kamba iliyopimwa kwa mita haimwonei yeyote. Debe na gunia vina hadithi hiyohiyo: debe la kununulia hujazwa hadi nafaka zinamwagika pembeni, la kuuzia hufutwa juu kwa ubao, na lumbesa, gunia lililoongezewa kichwa, huuzwa kwa jina la gunia ingawa sheria ya vipimo inaikataza. Kilo haina kichwa.

Mwenye Mzigo alimwagiza bodaboda apeleke dawa ya kupulizia pamba Mwabuzo, ikafika Mwabuma. Wilaya ina pia Mwabusalu, Mwamalole, Mwamanongu, Mwamishali na Mwandoya, na simu inayokatikakatika hubakiza silabi ya kwanza peke yake. Mzigo utajiwe mpokeaji, namba yake na alama isiyohama, kama zahanati au mashine ya kusaga. “Pale wanapouza ng’ombe” ni alama ya siku ya mnada tu.

Kuhusu tangazo la kijiji lisemalo “wahusika wote wafike bila kukosa”, jibu ni fupi: kila asiyefika hakujiona kuwa mhusika. Na taarifa inayosomwa mkutanoni kwamba fedha “zilitumika” iulizwe palepale nani alizitumia, alinunua nini na kwa bei gani, kwa kuwa mkutano mkuu wa kijiji ndio mahali pake.

Shauri la mwisho halina jibu jepesi. Msomaji anayefanya kazi Dar es Salaam alipigiwa simu na baba yake mdogo: “Mzee anaumwa, njoo.” Akachukua siku mbili kutafuta ruhusa na nauli. Alipofika Mwanhuzi alikuta watu wanafungua turubai, mazishi yameshapita. Anauliza kwa nini hakuambiwa ukweli.

Baba mdogo hakukosa ufasaha. Kumficha msafiri habari ya kifo ni desturi ya familia nyingi, yenye sababu ya kueleweka: asipokee pigo akiwa peke yake garini. Tatizo ni kwamba maneno hayo huwafaa wanaoyajua. Mtu mzima akiambiwa “anaumwa, njoo” saa tano usiku hufunga mzigo na kuanza kulia. Kijana aliyekulia mjini huelewa kwamba mzee anaumwa. Familia zenye uzoefu huigawa kazi. Msafiri huambiwa bila kificho la kufanya: apande basi la kesho alfajiri, asisubiri ruhusa, nauli inatumwa usiku huu na ya kutolea. Habari yenyewe hupewa mtu mzima aliye karibu naye huko aliko, ndugu au jirani, amfuate nyumbani amweleze uso kwa uso, na ikiwezekana wasafiri pamoja.