Picha Ninazo, Kuziona Ndiyo Kazi

Jamani, nina picha za sendofu ya binti yangu na sijaziona. Msicheke. Zimo kwenye fleshi, fleshi imo mfukoni, suruali ni yangu. Zimekula hela ya kahawa ya msimu mzima. Mpiga picha alinikabidhi meno yote nje: "Mzee wangu, nimekuwekea ghafi, ubora wa juu kabisa." Mimi ghafi naijua ya kahawa tu. Nikashukuru. Nikamwongezea na ya soda.

Nikaipeleka steshenari, Kayanga. Kijana akachomeka, akabonyeza, kikatokea kikaratasi cheupe kimeandikwa CR3. Nikauliza, "Huyo ndiye bibi harusi?" Watu wa fotokopi nyuma yangu hoi kwa kicheko. Omurushaka, kikaratasi kilekile. Nkwenda, kompyuta ikadai programu mpya, programu ikadai intaneti, intaneti ikadai bando, bando likanidai mimi. Nyumbani mke wangu kila jioni, "Picha?" Namwonyesha fleshi.

Marehemu mama aliacha picha moja ya karatasi, ya studio, pazia la maua. Ukifungua bahasha, huyo hapo. Haombi bando.

Kijana wa Nkwenda akanihurumia, akanieleza. Kumbe kampuni nyingi za kamera kila moja na faili lake la picha ghafi: huyu NEF, huyu ARW, huyu CR3. Namna ya kulisoma wanabaki nayo wenyewe. Kamera mpya ikitoka, watengeneza programu wengine wanaanza upya kuchokonoa. Na picha ni za binti yangu, si za kiwanda! Wakati tangu 2004 kampuni ya programu, Adobe, walishatoa DNG, ghafi hiyohiyo, ila maelezo yake yako hadharani, yeyote anaruhusiwa kuandika programu ya kuisoma bila kulipa senti. Leica na Pentax wana kamera zinazoiandika zenyewe. Hata programu ya kugeuzia inatolewa bure. Bure! Mimi nilitoa ya soda.

JPEG nayo ipo tangu 1992. Inabana picha na kutupa vitu kidogo, sawa, lakini hata simu ya mjukuu yenye kioo kilichopasuka inaifungua.

Kwa hiyo wewe mwenye sherehe Desemba, salio usitoe kwanza. Mwambie mpiga picha akupe JPEG za kutazama na ghafi azigeuze DNG, azifungue mbele yako kwenye kompyuta isiyo yake. Akianza kukuita mzee wangu, shika pochi.