Moto wa Arobaini

Mama aliwasili kutoka Tanga na mkaja, pilipili manga na kifuko cha mkaa. Nilikuwa nimetoka kujifungua, na wifi yangu, ambaye ni muuguzi, alikuwa ameshika nyumba yetu ya Temeke. Kabla ya adhuhuri vita vilishaanza.

"Mzazi hapigwi upepo," mama akasema, akafunga madirisha, akasukuma jiko la mkaa uvunguni ili nipate joto la mgongo.

Wifi akafungua. "Mama, mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Chumba kikifungwa, inaua mtu usingizini."

Mama akafunga. Wifi akafungua. Katika purukushani hiyo sufuria ya maji ya kunikanda ikapinduka: godoro chapachapa, jiko likazimika kwa kishindo, majivu hadi kwenye chandarua. Mume wangu alimnyakua mtoto akakimbilia sebuleni, nasi tukamfuata.

Hapo mama akafoka: "Hospitali wamemshona, wamempima presha, wakamruhusu. Nani kamuuliza kama amekula? Kama amelala?"

Wifi akainamisha kichwa. "Hapo umesema kweli, mama. Lakini na mimi nimewauguza wazazi waliobabuliwa na maji ya kukandwa."

Wakapatana. Jiko likahamia uani. Maji yakawa ya uvuguvugu, tena wifi ayapime kwa kiwiko. Mtoto asionjeshwe hata maji, ila maziwa yangu tu hadi miezi sita, kama linavyoshauri Shirika la Afya Duniani. Uji wa pilipili manga na kulala mchana, wifi alivitetea kuliko mama mwenyewe.

Arobaini hii ya kumtunza mzazi si yetu peke yetu. Wachina humweka mzazi ndani mwezi mzima; Wameksiko nao wana siku zao 40. Kliniki humtazama tena mzazi wiki ya sita, yaani karibu na siku hizo hizo. Wote wanakiri kwamba uzazi hauishii siku ya kujifungua.

Kinachoniuma ni kwamba mijini tunaacha pumziko na kubakiza moto: mzazi anakandwa asubuhi, mchana yuko kwenye karo anaosha vyombo. Tugeuze. Damu ikizidi, homa ikipanda au kichwa kikigonga, akimbizwe hospitali. Siku nyingine zote, baba na ndugu washike ufagio na mwiko, mzazi alale.