Mheshimiwa Waziri, tunaomba mtu wa kukaa nasi

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Kwa heshima na taadhima naomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani. Najua mwalimu wa shule ya msingi ana ngazi za kupitia kabla ya kumfikia mkubwa kama wewe: mwalimu mkuu, afisa elimu kata, halmashauri. Najua pia kwamba sisi wa shule za serikali tuko chini ya wenzako wa TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, na nisingependa kuonekana kama mtoto anayemruka baba mdogo kwenda kulalamika kwa baba mkubwa. Lakini jambo lenyewe ni la ufundishaji, nawe ndiwe mlezi wa ufundishaji wetu. Kwa hiyo, endapo utapenda, naomba unipe dakika zako chache.

Nianze na shukrani. Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuwahesabu Watanzania vililetwa kwetu walimu. Siku nilipokabidhiwa changu nilisaini daftari kwa furaha ambayo sikuweza kuificha. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba yake ya mtandaoni, na mwalimu havilipii. Tena utaratibu wa MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, umesema jambo ninaloliamini kabisa: mwalimu ajifunze akiwa shuleni kwake, pamoja na walimu wenzake. Kwa yote hayo tunashukuru sana, Mheshimiwa.

Sasa, kwa ruhusa yako, niseme linalonikaa rohoni.

Shuleni kwetu yuko mwalimu mwenye zaidi ya miaka thelathini kazini. Ndiye anayewafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma, na sijaona wa kumfikia. Kishikwambi chake alikifunga kwenye kanga akakiweka sandukuni, kikakaa humo karibu mwaka mzima. Mvivu hakuwa, wala hakupinga mambo mapya. Aliogopa kukiharibu akadaiwa, na aliogopa zaidi kuwauliza vijana akaonekana hajui. Tuliwahi kwenda pamoja kwenye semina ya siku mbili. Mwezeshaji, kijana mwema na mpole, alibonyeza huku na huku, picha zikapita ukutani, sisi tukaandika daftarini: fungua, bonyeza, pakua. Hakuna aliyeshika kifaa. Tuliporudi kazini Jumatatu, hakuna aliyeweza kupakua hata kitabu kimoja.

Aliyekuja kumtoa hofu ni mwalimu mwenzetu aliyeajiriwa juzijuzi, ambaye alianza kukaa naye kila Alhamisi baada ya vipindi. Hakumchukulia kifaa mkononi ili amwoneshe. Alimwacha abonyeze mwenyewe, akosee, arudi nyuma, aulize tena swali la wiki iliyopita bila kuona aibu. Siku ya kwanza walishughulika na mwanga na sauti, basi. Baada ya wiki kadhaa mwalimu wetu alipakua kitabu na kukihifadhi, ili asihitaji mtandao darasani, kwa sababu kwetu mtandao unashika ukipanda kilimani nyuma ya shule. Kisha akaenda mbali zaidi ya aliyemfundisha: akarekodi sauti yake akisoma hadithi, kundi moja la watoto likawa linasikiliza na kufuatisha kitabuni, huku yeye akipita kwa makundi mengine kusahihisha. Darasa lina watoto tisini na kifaa ni kimoja. Mbinu ile hakupewa na mtu, Mheshimiwa. Aliibuni mwenyewe kwa kuwa kazi yake anaijua. Alichokosa ni mtu wa kumtoa hofu.

Naomba pia nigusie lugha, kwa unyenyekevu. Shule zetu hufundisha kwa Kiswahili, ilhali programu nyingi hutoa maelekezo kwa Kiingereza, na video nyingi nzuri za sayansi zimesemwa kwa Kiingereza. Mwalimu wa darasa la sita huzima sauti, akaeleza mwenyewe jinsi moyo unavyosukuma damu huku picha ikienda. Nimemsikiliza nikiwa dirishani, na maelezo yake yalikuwa bora kuliko ya video. Laiti angepatikana wa kumrekodi! Bando la kuipakulia video hiyo alilinunua kwa fedha zake.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni hili. Uturuhusu kila shule iwe na mwalimu mmoja aliyepunguziwa vipindi, kwa maandishi, ili kazi yake ya kukaa na wenzake ihesabiwe kuwa kazi. Awe mwalimu wa shule hiyohiyo, anayewajua watoto wale na kilima kile. Kama itakupendeza, bando la kufundishia liingizwe katika fedha za uendeshaji wa shule, na kifaa kikiharibika mwalimu akiwa anafundisha, asidaiwe. Lakini ukiniambia nichague moja tu, nitachagua yule mtu. Bando bila yeye litaisha bure, na kifaa kitarudi kwenye kanga.

Samahani kwa kukuchosha, na samahani tena kwa neno la mwisho. Mwalimu kijana niliyemtaja ana vipindi vyake vyote kama sisi, na Alhamisi zake anazitoa bila malipo. Mwezi uliopita aliomba uhamisho ili amfuate mwenzi wake, na ni haki yake. Walimu wanne bado wanasubiri zamu yao ya kukaa naye. Akiondoka, hatuna mwingine.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa shule ya msingi