Kila Programu na Zamu Yake, Isipokuwa Yangu

Mheshimiwa mwenyekiti, mabibi na mabwana, nanyi wa safu ya nyuma mliofuata soda: nimekubali kuja. Kama kadi ya mwaliko inavyosema (niliiandika mwenyewe, kuepusha makosa), mimi ni Bingwa wa Mgawanyo wa Prosesa, Afrika Mashariki na visiwa vyake. Slaidi ya kwanza inakuja. Kompyuta yangu hii inakompaili kerneli ya Linux kimyakimya, kazi 20 kwa mpigo, ili muone uhodari wa mgawa zamu kwa macho yenu.

Slaidi ikijiandaa, tushike msingi. Programu mnazodhani zinakwenda pamoja zinapokezana prosesa, milisekunde chache kila moja, kama madumu bombani. Mgawa zamu, ambaye vijana humwita skedyula, ndiye mama mwenye ufunguo wa bomba. Mwenye madumu 20 anadai haki. Mwenye kikombe anadai kunywa sasa hivi. Kipanya ni mtu wa kikombe. Kinalala, kinashtuka ukikigusa, kinataka tone tu, na kikicheleweshwa kidogo mwenye kompyuta anaanza kulaani ukoo mzima wa waliomuuzia.

Mwaka 2007 Con Kolivas, daktari wa usingizi huko Australia, aliwalalamikia wakubwa wa Linux kwamba wanajali seva na kumsahau mtu aliyekaa mezani. Daktari wa usingizi, mabwana, ndiye aliyekuja kuwaamsha! (Nangoja makofi.) Alikuwa ameshaandika mgawa zamu wake. Ingo Molnár naye akaandika wa kwake, CFS, aliyeingia toleo la 2.6.23. Kolivas akafunga virago, japo mwaka 2009 alirudi na mwingine mpya, mwenye jina nisiloweza kulitamka mbele ya mama mwenyekiti.

Huyu CFS alikuwa na daftari. Kila kazi aliiandikia muda iliotumia, na iliyotumia kidogo kuliko zote ndiyo iliyoitwa. Safi kabisa, ila alihesabu madumu, hakuhesabu kaya. Kazi 20 za kukompaili zikigombea kiini kimoja na video ya harusi, video inapata fungu moja kati ya 21, na bwana harusi anabaki kaning'iniza mguu hewani. Ndipo mwaka 2010 Mike Galbraith akaleta kiraka kifupi cha kuzifunga kazi za kikao kimoja ziwe kaya moja. Kaya mbili, nusu kwa nusu, bwana harusi akakanyaga chini. Mimi kwenye mashine hii nimekizima. Mtu wa hadhi yangu hahesabiwi kwa kaya.

Slaidi? Bado. Tuendelee.

Tangu toleo la 6.6, mwaka 2023, nafasi ya CFS imeshikwa na mgawa zamu EEVDF, wazo lililokuwa kwenye karatasi za wasomi tangu 1995. Kazi inaweza kuomba zamu fupifupi ikaitwa mapema zaidi, lakini jumla yake haizidi haki yake. Kikombe kinawahi bombani, maji hayaongezwi. Wengine wanasema hapo ndipo kitendawili kilipoteguliwa. Mimi nakiona kama ubahili.

Tiba yangu ni namba ya upole. Inaanzia -20, kazi isiyo na haya, hadi 19, kazi pole inayosubiri ukoko. Kushuka chini ya sifuri kunahitaji mamlaka ya msimamizi wa mfumo, nami, kama mnavyojua, sipungukiwi mamlaka. Programu zangu zote nimezipa -20. Zote. Ndiyo, na kompaila pia. Unasemaje, kijana? Zote zikiwa za kwanza, ya pili ni ipi? Swali zuri. Kaa chini.

Aha, kishale kimesogea! Au ni meza iliyotikisika?

Basi. Fundi, shikilia kitufe cha kuzimia mpaka taa ife. Wengine, soda ziko mlangoni. Pangeni foleni kwa haki na usawa. Ya kwanza ni yangu.