Nyumba ya Kufulia Ndani

Mimi hufua Jumapili asubuhi, uani, mbele ya wapangaji saba na bata wa mama mwenye nyumba. Wote saba wanazijua boksa zangu kwa rangi. Ile ya kijani yenye tundu nyuma watoto wameibatiza Karuma, kama lile daraja, eti ndipo upepo unapovukia kuingia West Nile. Juzi ilidondoka kwenye kamba, bata akailalia. Nikamwambia samahani. Bata!

Sasa binamu yangu aliyeko Kanada kanipigia. Anasema kwake mashine ya kufulia iko humo humo ndani ya nyumba. Unatia nguo, unabonyeza, unalala. Nami nikajiona nimeonewa miaka yote. Arua yetu si jiji tangu Julai 2020? Mtu wa jiji anagombea kamba na vitenge vya watu?

Nikamtafuta broka. Elfu 20 ya kuonyeshwa tu, mafuta ya pikipiki juu yangu. Nikamwambia nataka nyumba ya bei ya chini, ya kufulia ndani. "Ipo, bosi." Broka hajui kusema haipo.

Ya kwanza Awindiri, 250,000 kwa mwezi. Kanipeleka bafuni, kanionyesha bomba na beseni la bluu. "Funga mlango, fua. Hapo uko ndani au uko nje?" Nikafikiri. Nilikuwa ndani. Nikakosa la kusema.

Ya pili kule juu Arua Hill. Mashine ipo kweli, maji yapo, umeme upo, kodi milioni moja na laki nane. Mwenye nyumba kaniuliza niko shirika gani. Nikasema nauza spea za pikipiki. Akatazama viatu vyangu. Na mimi nikavitazama. Najua sheria ya wapangaji ya Uganda ya 2022 inasema kodi isipandishwe zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Sheria nzuri. Ila mimi nimekwama kwenye kodi ya kwanza, hata sijafika kwenye asilimia.

"Basi Koboko," broka akasema, "Koboko bei iko chini." Usiniulize kazi yangu iko wapi. Iko Arua. Nikapanda taksi, zaidi ya kilomita 50 za lami, nimebeba mbuzi wa mtu mapajani.

Lakini mashine niliiona! Nyeupe, jikoni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama televisheni ya zamani. Laki tatu. Nikafunua kifuniko: unga wa muhogo.

"Panya hawaingii humo," mama mwenye nyumba akasema. "Chombo kizuri sana."

Nikamwomba tuijaribu. Akautoa unga, shingo upande. Umeme? Kuna sola ya taa na simu. Bomba? Halipo. Nikajifanya fundi: nikanunua jerikeni nne za maji kwa kijana wa baiskeli, nikamimina zote, nikatia shati langu na sabuni, nikaanza kukoroga na mwiko wa posho. Kwa mkono wangu, wakati mashine nimeiinamia! Ikawa inakubali. Nikatabasamu. Kumbe nyuma kuna mpira, umelala sakafuni. Nani aliniambia mpira ule una kazi? Maji yameingia huku, yametokea kule, yamepita chini ya mlango mpaka sebuleni kwenye kapeti. Nikasikia tu mama anaita jina la Mungu.

Basi nikalibeba kapeti mpaka uani nikalifua. Kwa mikono. Kifua wazi, shati liko kwenye mashine. Nusu ya mtaa wakaja na viti. Broka naye akaketi, akanunua karanga. Nilipokuwa nalikamua mama akanisogelea, sauti ya huruma kabisa: "Mwanangu, kumbe kufua unajua vizuri hivi. Ulikuwa unatafuta mashine ya nini?"

Nikarudi Arua usiku na shati bichi. Jumapili nikawa uani kama kawaida, Karuma kwenye kamba, bata chini anasubiri.

Jana broka kanipigia. Ipo nyingine Ediofe, ya kufulia ndani kabisa kabisa. Nimeshamtumia ile elfu 20.