Namna ya Kukabidhi Video ya Harusi Kabla Bibi Harusi Hajajifungua

Wewe mpiga video wa Ngara au Biharamulo, kabla hujatoa fedha, jiulize unahariri nini. Kama ni vipande vya dakika 1 vya kurusha WhatsApp, kishikwambi kizuri kinatosha, tena hakishtuki umeme ukikatika. Kama ni harusi ya saa 6, kuanzia kanisani hadi ukumbini, nunua kompyuta mpakato.

Vishikwambi navyo havilingani. Vile vya Sensa ya 2022, walivyogawiwa walimu baadaye, vilinunuliwa kwa ajili ya kujaza dodoso. Kuvibebesha harusi nzima ni kuvionea. iPad Pro ya 2021 yenye chipu ya M1 ni habari nyingine: DaVinci Resolve iliingia kwenye iPad mwishoni mwa 2022, Final Cut Pro ikafuata Mei 2023. Kinachosumbua ni nafasi. Kamera inayorekodi megabiti 50 kwa sekunde hula gigabaiti 22 na ushei kila saa. Saa 6 ni kama 135. Kwenye kishikwambi cha 128, kiapo kitaingia, keki itabaki nje. Diski ya nje inasaidia, lakini nafasi ya ndani huiongezi ng'o.

Twende dukani kutafuta kompyuta mpakato. Muuzaji wa mtumba atakwambia, "Kaka, hii ni Core i5." Mpe hongera, kisha muulize namba za kichakataji zinazofuata. i5-3320M ni ya 2012, ina viini 2. i5-8250U ni ya 2017, ina viini 4. Jina moja, baba mbalimbali! Ile ya zamani haina sehemu maalumu ya kufungua video za HEVC, ambazo simu nyingi za sasa hurekodi, kwa hiyo wapiga ngoma wataganda mikono ikiwa hewani. RAM isipungue gigabaiti 16, na diski iwe SSD.

Kisha chomoa chaji, toa video iliyohaririwa (render) mbele ya muuzaji kwa dakika 20, mkono wako ukiwa karibu na feni. Mashine ikichemka hupunguza kasi yenyewe; ikizimika, mrudishie. Rusumo, huko Ngara, kuna mtambo wa umeme wa megawati 80 wa nchi 3, lakini betri iliyochoka haiulizi hilo.

Kwa bajeti ya kawaida, mimi nachukua i5-8250U ya mtumba iliyopita jaribio hilo. Chenji ikibaki, nunua diski ya nje, uweke nakala ya pili kabla hujafuta kadi ya kamera.