Namna ya Kuwa Fundi Asiyeachika

Umepata kazi, ndugu yangu. Kituo cha masomo pale Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, kinataka waifai: akses-pointi kumi na mbili kwenye madarasa, na kontrola inayozisimamia ikae ofisi kuu Lilongwe, kilomita zaidi ya 40 kutoka hapo. VPN ya kuunganisha pande mbili ipo tayari. Kwa kweli ni kazi ya asubuhi moja. Mtu mwenye pupa angeimaliza, akalipwa, akasahaulika. Wewe unataka kila taa ikibadilika rangi watu waulizane, "Fundi yuko wapi?" Basi nifuate.

1. Kwanza jua unachokikwepa

Akses-pointi mpya ikiwashwa haijui lolote. Inaomba anwani kwa seva ya DHCP, ikishaipata inaanza kuitafuta kontrola yake kwa kupiga ukelele kwenye mtandao mzima. Ukelele huo hauvuki rauta. Ni kama kusimama sokoni Dzaleka ukamwita mtu aliyeko Lilongwe: majirani watageuka wote, mwenyewe hana habari.

Watunga kanuni za mtandao waliliona hilo zamani. Kanuni za DHCP tunazozitumia hadi leo zilitolewa Machi 1997, na ndani yake kuna nafasi iitwayo opsheni 43. Seva inapotoa anwani, inaongeza hapo hapo maelezo ambayo kampuni iliyotengeneza kifaa inayataka, na kwa akses-pointi maelezo hayo ndiyo anwani ya kontrola. Unaandika mstari mmoja kwenye rauta inayogawa anwani, basi. Zilizopo zinajua pa kwenda, na zitakazonunuliwa mwakani zitajua pia.

Umeiona hatari? Mwakani wataongeza ya kumi na tatu bila hata kukupigia simu. Mstari huo usiuandike.

2. Zipeleke Lilongwe zikafundishwe

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote. Zipakie zote kumi na mbili kwenye maboksi, panda nazo minibasi, uzichomeke kwenye swichi moja na kontrola kule ofisi kuu. Hapo ukelele unasikika. Zitaonana, zitasajiliwa, na kila moja itaikariri anwani ya kontrola kwenye kumbukumbu yake. Sema kwa sauti, bosi akiwepo, kwamba "unazifundisha". Zirudishe Dzaleka, zifunge ukutani, na tazama: zinafanya kazi! Watapiga picha.

Sasa angalia uzuri wa mpango. Kila itakayoharibika na kubadilishwa lazima iende Lilongwe kwanza ikahiji. Mkimbizi naye haruhusiwi kutoka kambini bila kibali, na tangu Mei 2023, serikali ilipoanza kuwarudisha Dzaleka kwa nguvu waliokuwa wakiishi mijini, jambo hilo si la mzaha tena. Yaani umejenga mtandao usiopona mpaka mtu asafiri, mahali ambapo mtu hasafiri apendavyo. Boksi litakaa chini ya meza ya mkurugenzi likisubiri karatasi. Hongera. Sijawahi kuona mtandao unaofanana na wenyeji wake kiasi hicho.

3. Kontrola isipewe anwani ya kudumu

Mtu makini angeitengea kontrola anwani yake isiyobadilika. Wewe iache ichukue yoyote itakayopewa, kama simu ya mgeni. Umeme ukikatika wikiendi nzima na kurudi Jumatatu, kontrola itaamka na anwani mpya, na ile ya zamani, 192.168.10.5, itaangukia kwa printa ya uhasibu. Akses-pointi zako kumi na mbili kule Dzaleka zitaendelea kuibishia hodi printa hiyo mchana na usiku, kwa uaminifu wa ajabu.

Usiwe na wasiwasi kwamba utagundulika haraka. Kama umenunua Ubiquiti, ambazo mifuko yetu inazimudu, zitaendelea kurusha waifai kwa mpangilio wa mwisho zilioachiwa. Wanafunzi hawatajua. Siku watakayotaka kubadilisha nenosiri ndipo utaitwa. Kama ni Cisco zinazotegemea kontrola kwa kila kitu, zitanyamaza siku hiyo hiyo, nawe utaitwa mapema zaidi. Kwa vyovyote unaitwa.

4. Simu na akses-pointi zile sahani moja

Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, kwenye eneo lililokuwa gereza, kwa ajili ya watu kati ya elfu 10 na 12. Leo inao zaidi ya elfu 50. Mtandao wako wa kawaida una anwani 254, na moja ni ya rauta. Usitenge VLAN ya vifaa, yaani mtandao wao wa pembeni. Weka simu zote za wanafunzi pamoja na akses-pointi, kisha kila anwani uikodishe kwa siku tatu. Simu ikiingia asubuhi inashika anwani, mwenye simu anaenda zake nyumbani, anwani inabaki kwa jina lake hadi siku tatu ziishe. Akses-pointi iliyolala siku kadhaa kwa sababu ya kebo mbovu itarudi ikute zimekwisha. Haina anwani, haina kontrola, na wewe una kazi.

Ile rauta ya zamani iliyo nyuma ya kabati nayo usiizime. Bado inagawa anwani zake za kale, na anayejibu kwanza ndiye mshindi.

5. Ukibanwa uandike opsheni 43, iandike kwa kunakili

Siku moja mfadhili atakuja na mshauri, na mshauri atauliza. Usikatae. Fungua simu, tafuta mstari wowote, nakili, bandika. Bahati nzuri kila kampuni ina lahaja yake. Cisco wanaanza na f1, halafu 04 ya urefu, halafu anwani kwa heksadesimali: f104c0a80a05. Ubiquiti anwani ile ile wanaitaka hivi: 0104c0a80a05. Aruba wao wanataka 192.168.10.5 iandikwe kama inavyosomeka, na opsheni 60 iseme ArubaAP. Mwaka 2009 ilitolewa opsheni 138 ili wote wakubaliane, lakini kampuni nyingi ziliendelea na 43 zao. Kwa hiyo chukua ya Cisco uwawekee Ubiquiti. Mshauri ataona namba nyingi na atatikisa kichwa kwa heshima.

Ukitaka kosa la ustadi zaidi, andika kila kitu sawasawa ila 10 iache iwe 10 badala ya 0a. Kwa heksadesimali 10 ni kumi na sita. Akses-pointi zote zitaelekea 192.168.16.5, ambako hakuna kiumbe, na mstari ukiutazama hauna kasoro. Nimeona watu wazima wakiutazama hadi chai inapoa.

6. Lawama

Lawama igawe kwa haki. Wiki ya kwanza ni umeme, wiki ya pili ni mvua, ya tatu ni kampuni ya intaneti. Ukiishiwa, sema "famwea". Halijawahi kuulizwa swali la pili baada ya neno hilo.

7. Kijana akitokea

Atatokea tu. Masomo ya chuo kwa njia ya intaneti, yaliyoletwa na Wajesuiti, yapo kambini hapo tangu 2010, na kuna vijana Dzaleka waliojifunza kuandika programu kwenye kompyuta za kugombania. Mmoja atakuja na kandambili zake, atakusalimia "shikamoo mzee" kwa adabu zote, kisha atauliza kama anaweza kuitazama rauta kidogo. Ataitengea kontrola anwani ya kudumu, atatenga VLAN, ataandika 0104c0a80a05 bila kutazama popote, atazizima akses-pointi na kuziwasha upya. Mbili mpya zilizokuwa zinasubiri kibali cha kwenda Lilongwe zitajisajili zenyewe zikiwa bado mezani.

Usipaniki, wala usikunje uso. Sogea karibu, mshike bega, mwambie mkurugenzi, "Ndivyo nilivyomwelekeza mdogo wangu." Kijana atanyamaza kwa sababu amelelewa vizuri, na adabu hiyo ndiyo mtaji wako uliobaki. Nyote wawili mpigwe picha, wewe mbele.

Jioni, mwombe akutumie ule mstari kwa WhatsApp, "kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi". Kwenye ankara andika "usanifu wa mtandao, awamu ya pili". Mhasibu akikuuliza c0a8 maana yake nini, kohoa, halafu muulize kama printa yake imepata nafuu.